Lango Nililomfungulia Diwani

Nikinusa nafthalini, vile vidonge vya kufukuza nondo, hata kwenye kibanda cha mitumba, naliona joho jekundu la baba likining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake. Msinicheke. Baba alikuwa meya wa mji wetu mdogo kando ya ziwa, Homa Bay, enzi za madiwani, kabla kaunti hazijaja. Mji ulikuwa na mbuzi wengi kuliko magari, lakini meya ni meya, nami nilikwenda shuleni nimeinua kidevu.

Meya alichaguliwa na madiwani wenzake. Kwa hiyo, kura ikikaribia, kila mgombea aliwafungia wa upande wake mahali pamoja, akiwalisha, mpinzani asije akawapata. Wenye uwezo waliwapeleka hotelini. Baba aliwaleta nyumbani. Siku nne mama alikaanga samaki wa ngege na kuchinja kuku, hata jogoo aliyekuwa akituamsha akaishia chunguni, huku wageni wakicheza drafti sebuleni na kulalamika kuwa chumvi imezidi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mama alininong'oneza jikoni.

Mchana wa mwisho baba alikwenda kuoga, akaniachia ufunguo wa lango. Nilikuwa na miaka tisa. Diwani mmoja wa ukoo wetu, niliyemwita baba mdogo, akanichuchumalia.

"Nyathina, mwanangu, ndugu yako ako na homa mbaya huko Sindo. Nifungulie kidogo tu. Chai itanikuta hapa."

Nikamfungulia. Chai ikapoa, ikamwagwa, naye hajarudi. Wenzake wakaanza kufoka wakitaka kujua nani aliyefungua. Nilijificha nyuma ya mama, nikimnong'oneza habari ya mtoto mgonjwa. Baba, aliyekuwa ametoka kuoga, alinisikia, akanitazama mara moja, kisha akawageukia.

"Ni mimi nilimwachilia. Alisema mtoto ako mgonjwa."

"Sasa wewe ni meya ama ni ng'ombe?" mmoja akamwuliza.

Kesho yake alishindwa kwa kura moja. Baba mdogo alikuwa ameketi upande wa mpinzani, ndani ya suti mpya. Tangu hapo mji mzima ulimwita baba Meya Fungua, na hakugombea tena chochote. Shuleni walipolitaja jina hilo, nilicheka pamoja nao. Nilijiambia kwamba baba amesahau, kwamba labda anaamini kweli ni yeye aliyefungua.

Tulimzika mwaka jana. Mzee mmoja alisimama akasimulia kisa cha lango, na waombolezaji wakacheka kwa upendo, kama watu wanavyomcheka marehemu aliyekuwa mpole kupita kiasi. Kisha nikapewa kipaza sauti. Nilikuwa nimeazimia kusema ni nani aliyefungua. Nikasema alikuwa baba mwema, nikaketi, na mama akanishika mkono bila kunitazama.

Siku hiyo sikuwa tena na miaka tisa. Umeya niliupoteza mimi. Yeye alitoa jina lake ili lifunike langu, nami nimemwacha azikwe nalo likiwa limechafuka.