Nilitumwa Sake Kununua Bulangeti, Nikanunua Vibakuli vya Japani

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu. Naomba jina langu lifichwe, na la kilima chetu pia, maana huku kila muntu anajua nyumba ya mwenzake. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita. Nilizaliwa Kashebere, upande wa msitu, nikaolewa huku juu Masisi kwenye baridi. Mwaka wa tano huu, sijapata mutoto.

Ndugu za bwana wangu walitaka nirudishwe kwetu. Muntu mmoja tu alikataa, baba mkwe wangu. Aliwaambia mbele yangu, "Huyu iko mutoto wangu. Mwenye kumufukuza, anifukuze na mimi."

Mvua zilipoanza akashikwa na kifua. Nilikuwa nashuka mjini Sake na wenzangu kuuza maharagwe, nayo maharagwe yalitoka shamba lake. Akaniita pale alipolala. "Mama, uniletee bulangeti ya manyoya, ile nzito. Baridi inaniingia mu mifupa."

"Ndiyo, Papa," nikamwambia.

Dukani bulangeti zilikuwepo, nilizigusa kwa mkono wangu. Lakini rafu ya juu ilikuwa na vibakuli sita vya Japani, vyeupe, vyembamba kama ganda la yai, vimechorwa ndege wa miguu mirefu. Mwenye duka akanipa kimoja nishike. "Watu wa kule wanachora na mukono, Mama. Angalia, hakuna ndege mbili zinafanana." Kweli, kila mmoja alikunja shingo kwa namna yake. Nikawafikiria wanawake wa kilimani wanaoniita muntu wa pori. Nikawaona wamekaa kwangu, wanakunywa chai, wamenyamaza. Nikavichukua vyote sita. Pesa ya maharagwe iliyobaki ilitosha shuka nyepesi tu ya pamba.

Nyumbani nikavificha vile vibakuli, nikasema, "Papa, zile nzito zilikwisha." Akajifunika ile shuka, akaniwekea mkono kichwani. "Aksanti, mama. Ulitembea mbali."

Kila asubuhi nilimkuta amejikunja kama mutoto. Wiki ya tatu akafa. Labda angekufa tu, hata na bulangeti. Sijui, na hakuna wa kuniambia.

Sasa mama mkwe wangu hali chakula. Anasema yeye ndiye alimuua bwana wake. "Mimi nililala karibu na moto, yeye nikamuacha kwa mulango." Anarudia hivyo mchana kutwa. Mimi namsongea ugali, namshika mkono, namsikiliza. Bwana wangu naye ananisifu mbele ya ndugu zake, eti nilimtunza baba yao kuliko wao.

Niliungama kwa padri. Akasema Mungu anasamehe, lakini mzigo ule nimtue mama mwenyewe. Mara mbili nimekaa mbele yake, nimefungua kinywa, nikajikuta nasimulia habari ya mvua.

Nikisema, watanirudisha Kashebere, na aliyenitetea yuko kaburini. Nikinyamaza, mama huyu atamfuata bwana wake kwa kosa ambalo si lake. Jana alishindwa kusimama, tukamwinua wawili. Ninyi mlio na wakwe, mlio na waume, nisaidieni. Mngeanza na neno gani? Niandikieni upesi, nifanye nini?