Fundi alikuta kombe za baharini kwenye kisima cha sadaka Kariakoo, akagoma kuchimba

Wakuu, habari za muda huu. Walio wadogo kwangu nimeshaitikia marahaba, msijisumbue kuandika.

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo herufi zikipishana mnivumilie. Lakini haya nimeyaona mwenyewe. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shimo, na kamba iliyokuwa inavuta ndoo ilitoka dukani kwangu.

Mimi nauza kamba Kariakoo. Watu wanadhani kamba ni kamba tu. Ya nailoni ikilowa inateleza mkononi, ya katani ikilowa inakaza. Mchimba visima akija kukuomba nailoni, jua huyo kazi kaianza juzi. Haya, tuyaache hayo, nikianza kamba hatutafika.

Jirani wa fremu yangu ni Bwana Nassor, Mwarabu wa hapa hapa, kazaliwa Kariakoo. Anauza mchele na maharage. Duka lilikuwa la mama yake, Bi Shemsa, aliyelishika miaka mingi baada ya mumewe kufa. Naye Bi Shemsa akafariki, Mungu amrehemu, akamwacha Nassor peke yake, hana ndugu wa tumbo moja.

Nassor akasema atamchimbia mama kisima cha sadaka. Uani, kwenye nyumba yao ya zamani, wapangaji na majirani wachote bure.

Kwa msiojua, sisi Waislamu tunaamini mtu akishakufa, kisima kinachonywewa kinaendelea kumpelekea thawabu. Kila anayekata kiu, na yeye huko aliko anapata fungu lake. Nassor alitaka kifunguliwe siku ya hitma ya arobaini.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani choo na jiko. Zimebaki chache. Siku hizi Kariakoo unalala una jirani, unaamka una ghorofa. Bomba la uani pale lipo, ila maji yanatoka siku yanapojisikia.

Fundi aliyeitwa ni Mzee Mkude, Mluguru, anakaa Buguruni. Anachimba kwa mkono, sururu na karai. Mtu wa maneno machache na ugoro mwingi.

Sasa huyu mzee ana utaratibu wake. Udongo hachanganyi. Kila aina anayokutana nayo anaiwekea chungu yake, yaani fungu lake, kuzunguka shimo, ya kwanza hapa, inayofuata pale, mpaka ya mwisho. Nilimuuliza sababu. Akasema ikitokea mnafukia, cha chini kirudi chini na cha juu kirudi juu, la sivyo mvua ya kwanza ardhi inabonyea na ukuta wa jirani unakuja nao.

Nikaona ni akili. Sikuwaza zaidi.

Siku kadhaa mbele, ndoo zikaanza kupanda na kombe. Nasema kombe zile za pwani, magamba mawili yanayofungana. Kubwa, nyingine kama sahani, nzito kuliko jiwe. Pamoja nazo matumbawe, yale mawe ya matundu matundu.

Mzee Mkude akapanda juu. Akajikung'uta, akatia ugoro, akamwambia Nassor:

"Bwana, hapa tumeshafika kwa bahari. Funika."

Nassor akadhani ni utani. Haukuwa utani. Mafundi visima wa mji huu wana sheria yao: ukikuta kombe, maji yaliyo chini ni chumvi, unafukia na kwenda zako. Mkude alishaona kisima cha mjomba wake kule bondeni Jangwani, walikuta kombe, wakalazimisha, yakatoka maji ambayo hata mbuzi aliyatema. Kwa hiyo hakuwa anasema tu.

Ingekuwa shimo la choo, hadithi ingeishia hapo.

Lakini hiki kilikuwa kisima cha marehemu. Na pale uani kuna mpangaji anaitwa Mama Zuhura, anakaanga chapati mlangoni. Ulimi wake, wakuu, unakata kuliko msumeno wa Mangi, jirani yetu muuza vifaa vya ujenzi. Akasema mbele za watu kwamba sadaka imerudishwa. Mungu kaikataa.

"Kile kikopo cha Bi Shemsa cha kupimia mchele kilibonyea chini ili kitupunje, nani hakijui? Sasa anataka kutulipa maji ya chumvi."

Mtaa mzima ukayapata kabla chapati hazijapoa.

Hapa niseme ukweli wangu. Nilinunua mchele kwa Bi Shemsa miaka na miaka. Kikopo kilikuwa kimebonyea, hilo ni kweli. Ila kila akishapima alikuwa anaongeza kiganja juu. Sasa kiganja kile kilijaza bonyeo au hakikujaza, mimi sikupima. Huyo ndiye alikuwa Bi Shemsa, mtu mwenye kikopo kibovu na mkono mzuri.

Nassor alisikia. Akaja kwangu, akakaa juu ya robota la katani. Akaniambia akifukia, watu watasema amekubali maneno. Akiendelea yakatoka chumvi, mama yake ataitwa Bi Chumvi mpaka kiama. Mtaa wetu majina yanakaa.

Nilimpa kahawa.

Mwisho akaamua afukie, na Mkude aanze kesho yake, Jumapili.

Jumapili asubuhi nilienda kuchukua kamba yangu. Mkude alikuwa anavuta ugoro wa mwisho kabla ya kushika koleo. Ndipo akaingia Neema.

Neema ni binti wa Mangi, yule Mchaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili. Anasomea mawe chuo kikuu. Baba yake huwa analalamika kwamba amesomesha mtoto aje kutazama kokoto, wakati dukani kokoto zipo. Alikuwa njiani kwenda kanisani, kavaa kitenge kizuri, katumwa kuomba ile chungu ya mwisho isogezwe maana ilikuwa imeziba mlango wa stoo waliyopanga hapo uani.

Akatuamkia shikamoo. Akaangalia chungu. Badala ya kusema alichotumwa, akachuchumaa na kitenge chake na kuokota kombe moja.

Akamuuliza Mkude kama hizo chungu ndiyo mpangilio wa humo shimoni. Mkude akasema hajawahi kuchanganya udongo wa mtu. Yule binti akacheka kwa furaha. Akaanza kuzunguka shimo, chungu hadi chungu, kuanzia ya mwisho.

Nitawaeleza nilivyoelewa mimi, wasomi mtanirekebisha.

Kwenye chungu ya mwisho, kombe zilikuwa bado zimefunga midomo. Akasema kombe akifia ufukweni, magamba yanaachana na kila moja linatupwa kwake. Hizi zimeshikana, maana yake zilizikwa pale pale zilipoishi. Na matumbawe yalikuwa na vikonyo vyake vizima. Akasema tumbawe halipendi tope, linataka maji safi, ya vuguvugu, yasiyo na kina kirefu. Kwa hiyo hapo tuliposimama, kwenye jiko la Mama Zuhura, palikuwa mwamba wa baharini, samaki wanapita.

Chungu iliyofuata ilikuwa mchanga na vipande vya magamba, vimesagika. Huo ni ufukwe, akasema. Bahari ilikuwa inarudi nyuma.

Chungu ya juu yake, akachambua mchanga kwa kidole akatoa konokono mdogo mweupe. Konokono huyo ni wa nchi kavu, haishi kwenye maji ya chumvi. Hapo bahari ilishaondoka na majani yalishaota.

Vyote hivyo vinaitwa visukuku. Viumbe vilivyokufa zamani vikabaki ardhini, vingine vikageuka mawe. Nikamuuliza zamani kiasi gani. Akasema kwa mawe ya pwani yetu, kukisia tu, miaka laki moja na zaidi. Mimi nikadhani laki ya bei.

Mkude akasema yeye alifundishwa kwamba ni gharika ya Nabii Nuhu.

Neema akamjibu kwa adabu kwamba kuhusu Nuhu habishani na mtu. Anachosema ni kwamba hizi kombe hazikuletwa na maji kutoka mbali. Ziliishi hapa, zikafa hapa, moja juu ya mwenzake, vizazi kwa vizazi. Gharika ingezichanganya.

Nassor alikuwa amefika, amesimama kwenye mlango wa uani. Akauliza swali moja tu, la mtu aliyechoka. Kwa hiyo maji ni matamu?

"Sijui, kaka. Gamba linakwambia nani aliishi hapa. Maji ya leo halijayaonja. Bahari imeondoka siku nyingi, na mvua imekuwa ikipita humo tangu wakati huo. Pengine imeshaosha chumvi, pengine bado. Mimi sijui, na fundi naye hajui."

Mkude akawaka. "Binti, wewe umeyasoma mawe. Mimi nimelala nayo."

"Ndiyo maana umeyapanga vizuri, babu," Neema akasema. Akasogeza yeye mwenyewe mawe yaliyoziba mlango wa stoo, akanawa, akaenda kanisani. Kachelewa, baba yake alimsema mchana kutwa.

Nassor akabaki anatazama shimo. Kisha akamwambia Mkude aendelee.

Mkude alikubali kwa hasira tu. Alisema atashuka ili tuonje chumvi wenyewe, tumheshimu. Akavunja tumbawe kwa mtaimbo. Kazi ngumu, mikono ilimvimba, na kila ndoo iliyopanda ilikuwa mawe matupu. Mama Zuhura akawa anauliza kila tukipita, vipi, mmeshakuta jahazi?

Alasiri moja, mlio wa mtaimbo ukabadilika. Kisha ukakoma. Watu wakajisogeza, na mimi nimo. Tukainamisha vichwa, hatuoni kitu, giza tu na kofia ya Mkude.

Nassor akaita. Tukasikia maji yanachotwa.

"Vuta," akasema.

Hakuna zaidi. Hakusema matamu, hakusema machungu.

Ndoo ikapanda, maji meupe kama yameoshewa chokaa. Nassor akasubiri yatulie. Akachota kiganja, akanywa. Akafumba macho.

Halafu akachota kwa kikombe, akapita watu wote, akampelekea Mama Zuhura.

Mama Zuhura akanywa fundo moja. Akalizungusha mdomoni, akitafuta cha kusema, nilimwona. Akanywa la pili. Akamaliza kikombe.

"Allah amrehemu Bi Shemsa," akasema, akarudi kwenye chapati zake.

Maji si kama ya chupa, yana ladha ya jiwe kidogo, lakini yananyweka na chai inakubali. Hitma ilisomwa. Mkude alialikwa, akala pilau, hakuzungumzia kombe hata kidogo. Nasikia siku hizi akizikuta anachimba kwanza, anaonja, ndipo anatukana.

Na msidhani ukikuta kombe sasa ni dalili ya maji matamu. Mtu mmoja baada ya hapo alichimba upande wa Jangwani, hakukuta hata kipande cha gamba, na maji yakatoka chumvi tupu.

Nilichojifunza, kwa elimu yangu hii ndogo: ardhi inatunza habari za waliopita, na ukiwa na subira inakusomea kwa mpangilio, chini ya kale, juu ya juzi. Lakini ya kale hayakuhukumii ya leo. Hayo lazima ushuke uyaonje. Na marehemu wa watu tuwaache wapumzike.

Kama kwenu mafundi walikuta kombe au mifupa ya mawe kisimani, andika hapa chini maji yake yakoje. Wa jiolojia, mkiona nimekosea, nisahihisheni taratibu, nasoma kwa miwani.