Mwaka Baba Alipokaa Uani

Kila mwaka, baridi ikianza kulegea, mitaa ya Takoma Park, huku Marekani, hunuka maganda ya miti. Watu huyanunua yakiwa yamesagwa na kutiwa kwenye mifuko, wakayamwaga kuzunguka maua na mashina, na mvua ikiyapiga hutoa harufu nzito yenye uchachu kidogo, kama mbao mbichi iliyolala majini. Wengine harufu hiyo huwakumbusha maua ya cheri na likizo ya shule. Mimi hunikumbusha baba yangu ameketi uani siku ya kazi, mchana kweupe, amevaa koti zito juu ya kikoi, na kikombe cha chai ya tangawizi kimempoa mkononi.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulipanga sehemu ya chini ya nyumba ya zamani ya mbao, karibu na reli, na juu yetu aliishi mwenye nyumba, Bi Helen, mjane wa Kimarekani aliyependa kutembea na buti za mpira hata siku za jua. Wazazi wangu walihama Tanga nikiwa bado nabebwa. Kiswahili nilikielewa chote, hata kile cha kunong'onezwa, lakini nilijibu kwa Kiingereza, na nyumbani hapakuwa na mtu mwenye muda wa kunirekebisha. Mama alikuwa akihudumia wagonjwa majumbani mwao katika mji jirani wa Silver Spring. Baba alifanya kazi katika nyumba ya wazee, kazi ya kuwanyanyua watu kutoka kitandani hadi kwenye kiti na kutoka kwenye kiti hadi bafuni. Katika baridi ya mwaka ule, mzee mmoja aliteleza bafuni na baba akamdaka kabla hajafika sakafuni. Yule mzee hakupata hata mkwaruzo. Baba ndiye aliyeumia mgongo, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba sinia la glasi kichwani.

Daktari alimwambia asiiname wala asibebe kitu, asubiri mpaka mgongo upate nguvu. Mama akaongeza kazi ya pili. Mimi nikawa nikitoka shule namkuta baba kwenye kochi, mapazia yamefungwa, televisheni inasema peke yake. Mtu aliyekuwa akiingia mlangoni kwa utani sasa alijibu salamu kwa kichwa. Alikula baada yetu, peke yake, kwa sababu kukaa mezani kulimuuma, au ndivyo alivyosema. Alasiri moja nikiwa jikoni na kazi zangu za shule, nilimsikia akiongea na shangazi yangu kwa simu. "Nitakuja, dada," alisema. "Huku nimekuwa mzigo. Mama Zuhura anatoka kumbeba mgonjwa wa watu, anarudi kunibeba mimi. Majira ya joto yakifika nitapanda ndege. Zuhura atabaki na mama yake." Nilikaa na penseli mkononi. Hakuna aliyejua kwamba nimesikia, na mimi sikumwambia mtu.

Muda mfupi baadaye, mama alikuja na mbegu za mchicha na bamia alizopewa na rafiki yake wa msikitini. Alikuwa ameshaomba ruhusa kwa Bi Helen tulime kipande cha uani. Alinikabidhi zile mbegu akiwa anavaa viatu vya kazini. "Mwanangu, ukitoka shule zimwage pale nyuma. Mimi sitapata nafasi." Nikazimwaga kweli, kama mtu anayewalisha kuku, juu ya udongo wa mfinyanzi mgumu ambao sikuutifua hata kidogo. Nikasikia kioo cha dirisha kinagongwa. Baba alikuwa amesogeza pazia na ananionyesha kwa mikono jambo ambalo sikulielewa. Nikainua mabega. Akagonga tena. Mwishowe mlango wa nyuma ukafunguka, na baba akatoka uani kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, uso umekunjamana kwa mwanga. "Mchicha haupandwi hivyo, Zuhura," alisema. "Hapo umewapa kindi karamu."

Nilimletea kiti cha plastiki. Kuanzia siku hiyo, kila alasiri yeye alielekeza na mimi nikatenda. Alinifundisha kuvunja mabonge kwa ncha ya jembe, kuchanganya udongo na majani yaliyooza ya Bi Helen, kuchora mfereji mwembamba kwa kidole, kuzifunika mbegu kidogo tu. Jembe likigonga mzizi, aliinua makalio kwenye kiti kutaka kuja kunisaidia, kisha akakumbuka, akakaa tena na kutazama pembeni. Jalidi, ile baridi inayogandisha majani usiku, ilipotuvizia wiki ambayo kila mtu alidhani baridi imekwisha, tulitandaza kanga za mama juu ya miche, na asubuhi uani palionekana kama mahali pa kuanikia nguo za harusi. Mama alicheka kidogo alipoziona, akachukua mkoba wake, akawahi basi.

Mtu aliyekaa kimya kwenye kiti huona ndege wengi. Baba hakujua majina yao, akawabatiza. Yule mwekundu mwenye kishungi, anayejipitisha juu ya uzio akijua kwamba anatazamwa, alimwita Bwana Harusi. Yule wa kijivu anayeiga sauti za ndege wenzake, na hata king'ora cha gari, alimwita Mpashkuna, kwa umbeya wake. Na yule wa kifua cha rangi ya matofali, anayekimbia hatua chache, akasimama, akainamisha kichwa na kuchomoa mnyoo, alikuwa Mama Ntilie, kwa sababu hakuwa na saa ya kupumzika na alionekana amevaa aproni. Nilitafuta vitabu kwenye maktaba ya shule, nikaja kumwambia kwa Kiingereza majina yao halisi. Alisikiliza kwa adabu. "Hayo ni majina ya shuleni," akasema. "Hapa nyumbani tunawaita kwa majina yao." Nilitaka kubishana naye, na nikagundua kwamba ubishi huo haunogi kwa Kiingereza. Nikajaribu Kiswahili. Nilikosea, akacheka, nikajaribu tena. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuongea na baba yangu.

Mama Ntilie alijenga kiota juu ya ngazi ya Bi Helen iliyotundikwa ubavuni mwa nyumba, chini ya paa. Nilimwekea beseni la tope, naye akalibeba mdomoni kidogo kidogo mpaka likawa bakuli. Bi Helen alipokuja kuchukua ngazi asafishe mifereji ya paa, baba alinyoosha mkono kama askari wa barabarani. "Tafadhali, mama, hapo pana mzazi." Bi Helen alitazama juu, akaona mkia, akaondoka kwa kunyata na buti zake. Mifereji ikakaa na majani mpaka vifaranga vilipotoka.

Kisha ilikuja alasiri ya dhoruba, ile mvua ya ghafla ya huku inayolaza maua na kukatika kama iliyozimwa. Tulipotoka, kifaranga kimoja kilikuwa chini kwenye nyasi, kimeloa, kifua kina madoadoa, mbawa hazijui kazi yake. Kwenye pembe ya uzio paka wa nyumba ya nyuma alikuwa amejibana tumbo chini. Mama Ntilie alipiga kelele juu ya waya. Nilijua yanipasa nikiokote, lakini miguu ilinigoma, kwa sababu sikuwahi kushika kiumbe kidogo namna ile na niliamini nitakivunja. "Zuhura!" baba aliita. Paka akasogea. Nilipogeuka, baba alikuwa ameshaacha kiti. Alishuka goti moja, halafu la pili, polepole, mgongo umenyooka kama ubao, akapiga magoti kwenye tope, akakikinga kifaranga kwa viganja vyote viwili. Paka akaruka uzio, akatokomea.

"Haya," baba alisema. "Chini nimefika. Sasa nani ataninyanyua?"

Bi Helen alikuwa ameona kila kitu dirishani na akaja mbio. Alikichukua kifaranga, akakiweka ndani ya kichaka, akatueleza kwamba vya aina ile hushuka chini kabla havijaweza kuruka na mama yao huendelea kuvilisha hapohapo. Baba alipoelewa, maneno mengine nikimtafsiria, bado amepiga magoti, alianza kucheka. "Kumbe nimejitia tope bure!" Alicheka huku mgongo unamuuma, anashika kiuno, machozi yanamtoka, na sisi wawili tukacheka naye, na ndivyo mama alivyotukuta. Kutoka mlangoni aliona mumewe chini tu. Alidondosha mkoba wake, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena kwake.

"Sijaanguka, mke wangu," baba alisema. "Nilishuka mwenyewe. Nishikeni."

Tulimshika, mama upande mmoja, Bi Helen upande wa pili, mimi nikasukuma kwa nyuma. Yeye ndiye aliyetuelekeza, kwa lugha ya kazini kwake: mguu huu kwanza, pumua, sasa pamoja. Jioni hiyo alikula mezani. Katikati ya chakula akamwambia mama kwamba alikuwa amepanga kurudi Tanga. Mama aliacha kula. "Miaka yote nimenyanyua watu," baba alisema, "nikidhani wananionea aibu. Leo nimenyanyuliwa, na sikuona aibu. Nimeona mko wengi." Mama alimwongezea wali. Majira ya joto yakaja, tukavuna mchicha, kisha bamia, na hakuna aliyepanda ndege. Baadaye baba alipata kazi ya kuuza miche na mpaka leo anatembea wima kama ubao.

Sasa nina nyumba yangu Gaithersburg, na bustani nyuma yake iliyo kubwa kuliko ya uani kwa Bi Helen. Humwagiliwa na mpira unaofunguka wenyewe, kwa sababu mchana hakuna mtu nyumbani. Wanangu wana baiskeli, hema na darubini ya kutazamia ndege, na Jumamosi tunatoka. Ni maisha mazuri, na nayashukuru. Lakini furaha ile ya kukaa na mtu asiye na pa kukimbilia sijaipata tena, na najua ilikuwa zao la msiba wake. Mwezi uliopita nilimuuliza mama anakumbuka nini cha mwaka ule. Nilitegemea ataje kanga au vifaranga. Alifikiri, akasema, "Nakumbuka miguu ikiniuma." Ndege hakuwakumbuka hata mmoja. Hakuwahi kuwaona. Mtu fulani alilazimika kuwa kwenye basi ili sisi wawili tuwe uani, na nimehitaji miaka mingi kulitambua hilo.

Wiki iliyopita, kwa kuwa mama ameshastaafu, nilimwalika aje asubuhi. Nilimtandikia mkeka juani, nikamwekea mto, nikamwambia asishike kitu. Alilalamika kwamba magugu yangu ni mengi. Halafu akanyoosha miguu, akafumba macho. Nilifunga bomba ili maji yasipige kelele, nikakaa pembeni yake.