Jina Kabla ya Kalamu

Nesi wa kliniki yetu pale Gungu, mtu wa Tanga, aliandika kadi za watoto taratibu, midomo ikicheza, na hakuandika jina ambalo hajalitamka mwenyewe. Mwaka wa tisini na tatu wakimbizi wa Burundi walipojaa, foleni ilifika barabarani, naye hakubadilika. Mama mmoja alichoka kulirudia jina la mwanawe.

"Andika Neema tu, sista. Hili linawashinda wote."

"Nani alimpa?"

"Baba yake. Alibaki kule. Hatujui."

Nesi akaweka kalamu chini. "Haya, nifundishe tena."

Ntirandekura. Alikosea, akarudia, akakosea. Mara ya nne mtoto, akining'inia kwenye mizani, akageuza kichwa kumtazama. Ndipo nesi akaokota kalamu.