Nukta Mbili kwenye Kioo Cheupe

Josephat ni dereva wa Probox nyeupe hapa Gitega. Alilelewa kambini Ngara, Tanzania, akajifunza gari huko, wanakopita kushoto. Siku za kwanza aliporudi Burundi, abiria walikuwa wanasoma dua kila akikata kona. Upande wa kulia ameuzoea sasa. Njia ndizo asizozijua. Akitoka nje ya mji anauliza, na watu wetu wa milimani hawasemi kushoto wala kulia. Wanasema panda, teremka. Yeye anabaki amekodoa macho, maana huku kila kitu ni kupanda na kuteremka.

Kwa hiyo alitaka chombo cha kumwonyesha njia. Simu alikuwa nayo, ya kioo kikubwa, na ramani iko ndani. Lakini Othmani, anayeuza redio na betri za magari sokoni, alimpa GPS ya kubandika mbele ya dereva, iliyotoka kwenye lori la safari. Akamwambia aijaribu kwanza.

"Hii haiombi rezo, mtandao wa simu," Othmani alisema. "Inasikia satelite moja kwa moja. Simu iko ya kuongea na mke wako."

"Mke sina."

"Basi ndiyo maana unapotea."

Mimi nilikuwa pale pembeni, kwenye cherehani yangu, nawasikia. Nilikuwa na haja yangu. Nuru, mke wangu, alikufa. Dua ya arobaini ilikuwa keshokutwa yake, na dada yake Kasilda, ndugu pekee aliyembakia, anakaa Butihinda, mpakani. Kwenye mazishi hakufika. Habari ilimkuta tumeshazika. Nilimpelekea neno kwamba nitamfuata mwenyewe. Kwetu msiba haufungwi kama upande wa marehemu haupo, na upande wa Nuru ni Kasilda tu.

Simu yake ilikuwa imezima siku kadhaa. Huko kuchaji ni kazi. Binti yake Jeska, anayefanya kazi Kahama, alituma alama ya nyumba ya mama yake kwa WhatsApp. Aliituma kwa Josephat, kwa sababu simu yangu ni ya vitufe.

"Tukiviweka vyote viwili?" nikamwambia Josephat.

"Ndiyo hivyo, mzee. Tutaona nani mkweli."

Mafuta yalikuwa ya shida kama kawaida. Alikuwa nayo ya kwenda na kurudi. Ya kupotea hakuwa nayo.

Tuliondoka kesho yake, baada ya alfajiri. Usukani wa gari lile uko kulia, kama magari mengi ya huku, na barabara tunapita kulia. Dereva akitaka kulipita lori haoni mbele. Anayekaa kushoto ndiye humwambia: subiri, sasa, pita. Kiti hicho kilikuwa cha Nuru, tulipokuwa tunakwenda kupika kwenye arusi za watu. Mimi nilikaa nyuma na masufuria. Siku hiyo nilikaa mimi mbele.

Nilivitazama vyombo vile njia nzima. Kwenye GPS kuna gari dogo linafuata mstari. Kwenye simu kuna nukta ya buluu. Nikamuuliza vinajuaje tulipo. Akasema kuna mitambo inazunguka juu kabisa, kupita mawingu.

"Inatuona?"

"Haituoni. Inaita tu. Chombo kinasikiliza, kinapiga hesabu chenyewe kiko wapi."

Nilikaa na hilo mpaka Karuzi. Kuita bila kujua nani anasikia.

"Na milima iko wapi?" nikamuuliza.

"Milima gani?"

"Hii tunayopanda. Naona njia imelala kama uzi mezani."

"Haionyeshi, mzee."

"Kwa hiyo kwake Burundi ni tambarare."

"Kwake ni kama Tabora," akasema, akacheka.

Mpaka Muyinga vyombo vilikubaliana. GPS ilikuwa inaongea Kiingereza, Josephat ananitafsiria, mimi naijibu. Tulipoacha lami mambo yakabadilika. Tuliandika jina la mlima wa kina Kasilda, maana huku kijiji ni mlima, haikulijua. Upande wetu ilikuwa na barabara moja tu. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ilikuwa na njia chungu nzima, na huko ndiko ilikotaka twende. Ikasema tugeuke.

"Inataka kunirudisha kambini," Josephat alisema. Akaizima sauti.

Tukabaki na simu. Mwendo mfupi mbele, ikadaka rezo ya Tanzania. Saa yake ikaruka mbele saa nzima, ikafuata ya Tanzania, nikadhani adhuhuri imenipita. Na ramani ikafutika. Kioo cheupe, kama shuka.

"Imekufa?"

"Haijafa. Bando langu ni la kwetu, kwenye rezo yao halisomi. Ramani ningeipakua nyumbani ingebaki. Sikuipakua."

Kwenye ule weupe zilibaki nukta mbili. Ya buluu ni sisi. Nyekundu ni ile ya Jeska. Katikati hakuna njia, hakuna mto, hakuna kitu.

Nikamwambia asihangaike, mahali napajua. Niliwahi kufika, siku ya kupeleka mahari. Ni juu kabisa, penye migomba, nyuma ya miti ya mkaratusi.

"Panda," nikasema.

Akapanda. Baada ya muda akakohoa.

"Mzee, naona tunaachana nayo."

"Nani?"

"Ile nyekundu."

"Mi nimeoa huku, Josephat. Panda."

Akabadilisha gia. Ningekuwa rika lake angenibishia, angeokoa mafuta. Lakini mzee akisema panda, unapanda. Gari lililia mpaka juu. Migomba niliikuta. Mkaratusi niliukuta. Kwenye ua alitoka mama mwenye jembe nisiyemjua. Nikamwuliza kwa Kirundi.

"Kasilda? Hao walikimbia zamani, wakati wa vita. Aliporudi walimpa nyumba kule chini, kwenye kijiji cha waliorudi. Mabati yale ya mistari, unayaona? Teremka."

Nuru aliniambia dada yake amepata nyumba. Nilidhani ni palepale kwa baba yao.

Mshale wa mafuta ulikuwa umelala. Josephat aliutazama, akanitazama. Akazima injini, gari likashuka lenyewe, breki tu. Akanipa simu niishike ili mikono yake iwe huru.

Ndipo nilipoielewa. Njia ikipinda, nukta yetu inakwenda pembeni. Ikinyooka, inaisogelea ile nyingine. Mtu aliyebeba ndizi tukamwuliza, akasema teremka tena. Mchota maji akasema vivyo hivyo. Wao walitupa njia, kioo kikatuambia kama tunakaribia. Sikuondoa macho. Zilikaribiana mpaka zikagusana, nikainua kichwa.

Kasilda alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kitenge kipya, mkoba magotini.

"Shemeji," akasema. "Niliona gari jeupe linapanda kule. Nikasema, huyo ni Athumani, anakwenda kunitafuta kwa baba."

"Mbona hukuita?"

"Kutoka huku?"

Alinishika mkono. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele kushoto. Akasema nyuma anatapika. Nikakaa nyuma na mkungu wake wa ndizi. Kabla ya Karuzi alikuwa ameshaanza: subiri, subiri, sasa, pita. Miteremko yote tulishuka injini ikiwa kimya. Gitega tuliingia na giza, gari linakohoa, na asubuhi Kasilda alikuwa kwenye mkeka wa wanawake tangu neno la kwanza la dua.

Baada ya hapo Josephat alimrudishia Othmani GPS yake.

"Ilikukosea nini?" Othmani akauliza.

"Haikukosea. Haikujua tu. Na simu nayo iliniacha."

"Sasa mbona unaichagua?"

Josephat akanigeukia mimi, kama ni mimi ninayeendesha.

"Kwenye GPS mtu wa mbali hawezi kukutumia alama," nikasema. "Jeska alikuwa Kahama, na akatuonyesha mlango wa mama yake."

Othmani akasema basi atamwuzia mwenye lori.

Siku hiyohiyo nilimwomba Josephat anipeleke makaburini. Kasilda alikuja pia. Tulisimama pale, Josephat akaibonyeza simu, nukta nyekundu ikatokea chini ya ile ya buluu.

"Niandike nini?"

"Andika Nuru."

Akaandika, akamtumia Jeska, ambaye mama yake mdogo amelala huku na yeye hajapaona. Jibu lilikuja tukiwa bado tumesimama. Josephat akatusomea: Jeska ameipata, anaomba ruhusa kazini, atakuja.

"Mwambie aipakue ramani kabla hajatoka," nikasema.