Bwawa la Chujio

Kabla hajaitwa Chujio aliitwa Barafu, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na babake. Alikuwa kiongozi wa wapanda mlima. Kazi yake ilikuwa kuwafikisha wageni kwenye barafu, wakaigusa, wakapiga picha, wakashuka na visigino vilivyochubuka. Barafu ilipozidi kurudi nyuma, aliwaambia, "Imesogea kidogo tu," kama mwenye nyumba anayemtetea mpangaji aliyetoroka. Mwishowe magoti yakamshinda, na barafu nayo ikawa kipande cha kuonyeshwa kwa kidole. "Tulistaafu pamoja," alipenda kusema, "ila barafu ndiyo iliyoliliwa."

Utani uliisha mfereji ulipokauka. Maji ya mashamba yote ya mtelemko yalitoka huko juu, na kiangazi kile yaliishia njiani. Kwenye mkutano, wakulima wakikuna vichwa, yeye akasimama. Hakujua angesema nini. Kazi yake ya zamani ilimzoeza kutangulia kwanza, njia aitafute baadaye. Akajisikia akiahidi kuchimba bwawa kwenye shamba lake, livune mvua, liwanyweshe wote kiangazi. Alipigiwa makofi. Alipofika nyumbani ndipo akakumbuka kwamba hajawahi kuchimba hata choo.

Alichimba na shemeji yake mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mtaalamu wa maji, dada mmoja mpole, alipita akamshauri apime udongo kwanza.

"Mdogo wangu, mlima huu naujua kama kiganja changu," akamjibu.

Mvua ikaja, bwawa likajaa pomoni. Aliwaita majirani, akasimama ukingoni ameshika kiuno kama aliyeumba bahari. Wiki haikuisha, likabaki tope na chura mmoja aliyeonekana kujutia uamuzi wake. Likajaa tena, likakauka tena. Hapo ndipo jina la Chujio lilipozaliwa.

"Barafu ilikukimbia," mkewe alimwambia akimmiminia chai, "sasa na mvua pia. Una nini wewe na maji?"

"Labda siogi vizuri," alijibu.

Kiangazi kilichofuata aliitwa na mama mkwe wake, ambaye shamba lake liko chini ya bwawa. Alikwenda kwa miguu mizito, maana mama yule hakuwa mtu wa kumwita mkwe bure.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, umenifanyia nini shambani?"

Akaanza kuomba radhi kabla ya kulijua kosa. Mama akamkatisha, akampeleka kwenye chemchemi iliyokufa zamani. Ilikuwa inatoa maji, membamba kama uzi, lakini yanatoka, na mboga za kando yake zilikuwa za kijani kibichi.

Safari hii alimfuata mtaalamu mwenyewe, kofia mkononi. Dada yule akapima, akatabasamu, akamweleza: udongo wa kwake ni kichanga, maji ya mvua yanazama, yanatambaa polepole chini kwa chini, yanaibukia kwa mkwe.

"Kaka, hukuchimba bwawa. Umeifungulia ardhi mdomo, inywe."

"Ndicho nilichokusudia," alisema Chujio, kisha haya ikamshika. "Hapana, nadanganya. Sikukusudia."

Ilibidi ayarudie maneno hayo mkutanoni, maana watu walitaka kumfanya shujaa. Walikubaliana kuchimba mashimo mengine kama lile, kupanda miti kandokando, na kupeana zamu za mfereji ili wa chini nao wapate. Hakuna aliyesema barafu itarudi. Chemchemi kadhaa zimeamka, nyingine zimegoma.

Sasa wanajenga bwawa la kuhifadhi maji kwelikweli, lenye sakafu ya udongo wa mfinyanzi. Mtaalamu ndiye msimamizi. Chujio aliomba kazi, akapewa ya kuukanyaga ule udongo ushikamane, kwa kuwa ndiye mzito kuliko wote. Kutwa anazunguka humo pekupeku, akiimba vibaya, na shemeji yake amemwomba mara kadhaa akanyage kimya.