Ogani Inayosubiri Pumzi

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, kanisa la matofali mekundu kusini mwa Memphis lina watu wawili tu. Roscoe Tidwell, mwenye miaka sabini na sita, anavua viatu, anavisukuma chini ya benchi, kisha kwa soksi zake za kijivu anagusa kanyagio za ogani. Spika ya ogani, ndani ya sanduku la mbao pembeni yake, inaanza kuzunguka polepole, na sauti inalijaza kanisa kama harufu ya mkate.

Kwenye kiti cha mbele amekaa mkewe, Verlene, mkoba mapajani. Tangu kiharusi kilipompiga mwezi Machi, hajatamka neno hata moja la kwake mwenyewe. Kuimba, anaimba. Roscoe anashika sauti moja na kuing'ang'ania, midomo ya Verlene inatafutatafuta, halafu ubeti mzima unatoka bila kasoro. Daktari alieleza kwamba wimbo unakaa mahali pengine kichwani. Roscoe hakuuliza ni wapi.

Leo moyo wake ni mzito. Kabla ya saa sita anatakiwa kumjibu Rory Pell, yule mwimbaji wa rock wa Uingereza, anayemtaka ampigie ogani katika ziara ya kuaga mashabiki, usiku thelathini. Malipo yake yangetosha kumlipa mwalimu wa kumfundisha Verlene kusema upya, maana bima imegoma na posho ya kanisa inaishia kwenye umeme. Lakini akiondoka, nani atamsubiri mkewe aanze kuimba?

Kusubiri ndiko kulikompa jina. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga muziki wa soul wa mtaani, alipoitwa studio kujazia ogani kwenye wimbo wa kina Rory. Walisimamisha mkanda wa kurekodia mara tatu.

"Jamaa, unachelewa," Rory alifoka.

"Sichelewi. Nakusubiri umalize kuvuta pumzi."

Ndivyo mama yake alivyomfundisha kanisani: mhubiri akivuta pumzi, usimwingilie. Mara ya nne walichoka kubishana, wakauacha wimbo hivyo hivyo, nao ukawazungusha dunia nzima. Baada ya hapo wanamuziki wa rock wenye majina walimgombania. Miaka ile anaikumbuka kama ndoto ya mchana: miji aliyoiona dirishani tu, viwanja vilivyofurika watu, taa za zambarau usoni.

Huku nyumbani sifa hizo hazimpi ukubwa. Dada Earlene, mwongoza kwaya, huwaambia waumini kwamba Kaka Roscoe akisikia Yesu anarudi saa tatu, atatokea saa nne na soksi zake.

Roscoe anaanza tena ule wimbo wa Verlene, kisha anasimama katikati, vidole vikiwa bado vimekandamiza vibao vya ogani.

"Mpenzi, Rory ananitaka," anasema bila kugeuka. "Niende, au nibaki na wewe?"

Sauti ya ogani inazunguka. Verlene anafungua mdomo, anaufunga. Nje gari linapita na kupotea. Roscoe anakiri baadaye kwamba aliogopa kuliko siku yoyote jukwaani, lakini hakuinua mkono kutoka kwenye ogani.

Halafu, kwa tuni ileile, Verlene anaimba neno ambalo halimo katika wimbo.

"Tuta-kwe-nda."

Roscoe anageuza kichwa. "Nani na nani?"

"Sisi," anaimba Verlene, na anaukaza mkoba wake kama mtu aliyekwisha kufungasha.

Roscoe analia waziwazi, wala hajifichi. Saa nne haijafika anapompigia Rory simu. Anamwambia atakuja, ila upande wa kushoto wa ogani anataka kiti chenye mikono, cha mkewe, na kila usiku pawe na wimbo mmoja wa Verlene kuimba, bila mtu wa kumharakisha.

Rory anauliza watu elfu ishirini watasubiri kwa muda gani.

"Mpaka avute pumzi," anasema Roscoe, na anainama kutafuta viatu vyake.